Mke Wangu na Sheria za Moshi

Tulikutana kwenye harusi ya watu wengine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika ukumbi mmoja wa Scarborough ambao Watanzania wa Toronto walikuwa wakiukodi kwa kila shughuli, na mimi nilikuwa nimekalishwa meza moja na watu nisiowajua. Msichana aliyekaa kushoto kwangu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia natengeneza meno.

"Meno ya watu au meno ya gia?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, na kwake neno "meno" lilifika kwenye gia kabla halijafika mdomoni mwa mtu. Nilipomweleza kwamba natengeneza meno ya bandia katika maabara moja ya mtaa wa Agincourt, kwa plasta na nta na tanuri dogo, akataka kujua kila kitu: tanuri linafika joto gani, jino linapasuka likibanwa upande upi, kwa nini tusitumie madini fulani mepesi zaidi. Pilau yake ikapoa mbele yake. Mimi kwetu ni Morogoro, yeye kwao ni Tanga, na hadi leo nikiisikia lafudhi ya Tanga mahali popote nageuka kabla sijajua kwamba nimegeuka.

Mara ya kwanza kutoka naye, nilikuwa nimepanga twende kula aiskrimu. Yeye akaomba tukasimame kwanza kwenye kona moja katikati ya jiji, kwenye mtaa wa maduka ya kifahari ambako siku za kiangazi matajiri hupitisha magari yao polepole ili waonekane. Magari ya spoti, yale ya viti viwili, ya chini kiasi kwamba dereva anakuwa kama amelala. Alisimama kando ya barabara amefumba macho, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Hiyo silinda nane," alisema. "Hiyo sita, lakini mwenyewe haitunzi. Hiyo inayokuja, ngoja... hiyo nzuri. Hiyo nzuri sana."

Nilimwuliza, "Unapenda magari kiasi hiki?"

"Magari siyapendi sana," alisema, bado macho kayafumba. "Napenda yanayotokea ndani."

Hatukufika kwenye aiskrimu. Mwaka uliofuata tulioana, ndoa ndogo ya msikitini na chakula cha mchana, tukapanga chumba na sebule Crescent Town, kwenye jengo ambalo ukipanda lifti unapita harufu ya vitunguu vya nchi tano.

Kazi aliipata hata kabla hajakabidhiwa shahada. Ilikuwa karakana kaskazini mwa jiji, mali ya mzee mmoja Mwismailia, Mhindi wa Dar es Salaam aliyeondoka Upanga akiwa kijana katika miaka ya sabini. Mzee alianza kwa kuuza vipuri, akafanikiwa, kisha akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanajenga nyumba za kustaafia, akaanza kuunda gari lake mwenyewe la spoti. Magari yaliundwa kwa mkono, machache sana kwa mwaka. Injini alizinunua kutoka kampuni kubwa, za silinda nane, na karakana yake ikazichezea mpaka zikaimba. Wateja wake wengi walikuwa Wamarekani.

"Binti," alimwambia mke wangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha Upanga ambacho miaka yote ile ya ughaibuni haikukiharibu, "mimi najua kutengeneza gari la kumfanya mtu asahau chakula. Sijui kutengeneza gari la kumfurahisha mtu wa serikali. Hiyo ndiyo kazi yako."

Kazi yake, kwa kifupi, ilikuwa moshi. Sheria za moshi za Kanada zilikuwa zinazifuata za Marekani, na za Marekani zilikuwa zinakazwa kila baada ya miaka michache. Gari lisilopita kipimo haliuzwi. Alinieleza siku moja kwamba kampuni kubwa ina nafuu. Ikitaka kuuza gari moja la spoti linalochafua hewa, inauza pia vigari vingi vidogo visivyochafua, na hesabu inakaa sawa. "Sisi tuna gari moja tu," alisema. "Hatuna pa kujificha."

Nakumbuka majira yale ya baridi ya kwanza kuliko yote yaliyofuata. Alikuwa anaamka alfajiri, tunasali, tunakunywa chai, kisha anavaa makoti mawili anaondoka kwenda karakana kuwasha gari lililolala nje kwenye theluji. Nilimwuliza kwa nini lazima lilale nje.

"Unajua uchafu mwingi wa gari unatoka wakati gani?"

"Likikimbia sana."

"Hapana. Unatoka mwanzoni, linapowashwa tu, likiwa bado baridi. Kile kichujio kilichomo kwenye bomba la moshi hakifanyi kazi mpaka kipate moto. Kama wewe kabla hujanywa chai."

Basi majira yote yale ya baridi alikuwa anakisogeza kichujio karibu na injini, kidogo kidogo, ili kipate moto mapema. Kikisogea mno kinaungua. Kikibaki mbali gari linafeli. Alirudi nyumbani ananuka petroli, vidole vimepasuka kwa baridi, nami nikampaka mafuta ya nazi huku akinisimulia. Sikuelewa hata nusu. Lakini nilipenda kuwa mtu anayesimuliwa.

Gari lilipita. Mzee akaleta sinia la mishikaki karakana nzima ikala, na mke wangu akaniletea yangu imefungwa kwenye karatasi, imeshapoa, tukaila tumekaa sakafuni kwa sababu meza ya kulia hatukuwa nayo bado.

Binti yetu alizaliwa majira ya kuchipua. Mama yangu akaja kutoka Morogoro kumlea, baada ya sisi kuhangaika sana na makaratasi ya uhamiaji, nasi tukahamia nyumba ya vyumba vitatu kwenye jengo lile lile. Alipofika alimbeba mtoto akamtazama muda mrefu, akasema, "Huyu mke mwenzangu amenipita kwa uzuri," na tangu siku hiyo akamwita hivyo, mke mwenza. Mtoto alipokua akawa anaelewa kila neno la bibi yake, ila majibu yote yalitoka kwa Kiingereza. Walikuwa wanaweza kugombana mchana kutwa juu ya kofia au juu ya uji, mmoja kwa lugha hii na mwingine kwa ile, wala hakuna aliyeona kasoro. Ile ndiyo miaka yangu mizuri. Sikujua wakati ule kwamba inahesabiwa.

Kisha sheria zikabadilika tena, na safari hii zilibadilika kwa namna nyingine. Zamani, mke wangu alinieleza, sheria iliuliza gari linatoa sumu gani. Sasa iliuliza pia linakunywa mafuta kiasi gani, maana hewa ya ukaa haichujwi, dawa yake ni kuchoma mafuta kidogo basi. Kichujio hakikuwa na msaada tena. Injini yenyewe ilibidi ipungue.

Jumamosi moja alitupeleka karakana, mimi na mtoto, tukashuhudie injini mpya ikiwashwa kwa mara ya kwanza ndani ya gari. Ilikuwa ya silinda nne, nusu ya ile ya zamani, na kando yake kulikuwa na turbo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ili injini ndogo ifanye kazi ya kubwa. Bodi la gari nalo alikuwa amelipunguza uzito, viti vyembamba, milango unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Mafundi walisimama duara. Mzee akaketi kwenye usukani, akawasha.

Alisikiliza. Akakanyaga mafuta kidogo, akasikiliza tena. Kisha akazima, akashuka, akaenda kusimama mlangoni akiwa ametupa mgongo.

"Binti," alisema bila kugeuka, "hii ni cherehani."

Mafundi wakatazama chini. Mke wangu alikuwa amesimama na kitambaa cha mafuta mkononi, na uso wake niliuona ukibadilika, lakini sauti haikubadilika.

"Mzee, cherehani hii itapita kipimo. Ile nyingine haitapita tena popote."

"Najua."

"Na ni nyepesi. Kwenye kona itaiacha ile ya zamani. Iendeshe kwanza."

Mzee akaiendesha. Alitoweka kwenye barabara ya mashambani nyuma ya karakana, akakawia hadi tukaanza kuangaliana, kisha akarudi, akaegesha, akakaa ndani ya gari mlango umefungwa. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu. "Ina mbio kuliko ile," alisema. "Ina mbio kuliko ile, na nimeichukia kila hatua." Akamshika mke wangu begani. "Si kosa lako. Umeifanya vizuri sana."

Wateja wengine walifikiri kama mzee. Wengine walinunua. Karakana ikaendelea, lakini kila gari jipya lilihitaji vipimo vipya, na gharama ya kupima gari letu moja ilikuwa sawa na ya kampuni yenye kiwanda kila bara. Mke wangu akaanza kurudi nyumbani amechoka kwa namna ambayo mafuta ya nazi hayakuweza kusaidia.

Katikati ya hayo mama akapata kiharusi. Alianguka jikoni, asubuhi, chai ikiwa motoni, na mtoto ndiye aliyenipigia simu kazini. Mama hakufa. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Ikabidi awe na mtu wa kumwosha, kumlisha, kumpeleka mazoezini. Maabara walinikubalia nifanye kazi nusu siku. Mke wangu alimwosha asubuhi, mimi jioni, na sikuwahi kumsikia akilalamika hata mara moja. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya, na hawakuwa pale.

Mzee alikuja nyumbani mwenyewe kutupa habari. Aliketi kwenye kochi letu na kofia mapajani, akampa mama pole kwa heshima zote, kisha akawa anaizungusha kofia mpaka mke wangu akamwuliza.

"Nimeuza," alisema. "Kampuni ya Uingereza. Wakubwa. Chini ya mwavuli wao gari letu linaweza kuishi. Lenyewe haliwezi."

"Na karakana?"

"Bodi la gari wanalitaka, namna tulivyolipunguza uzito. Injini hawaitaki, wala injini nyingine yoyote. Wanasema gari lijalo litakuwa la umeme." Alilitamka neno lile kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndugu. "Hapa watafunga. Lakini wewe wanakutaka, binti. Wamekutaja wewe kwa jina. Mimi hawakunitaja."

Baada ya mzee kuondoka tulikaa sebuleni bila kuwasha taa, jua la alasiri likiwa bado kwenye pazia. Mtoto alikuwa shule. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi.

"Siendi," mke wangu alisema.

"Hapa Toronto utafanya nini?"

"Kuna viwanda vya vipuri. Nitapata kitu."

"Ukawe unatengeneza mikanda ya viti."

Nilimjua. Nilijua kwamba tangu mzee atamke neno umeme, kichwani mwake kulikuwa kumeanza kitu ambacho hakingezimika. Alikuwa anaogopa kukionyesha, kama mtu anayeficha furaha msibani.

Sisi hatukuweza kwenda wote. Mama alikuwa na madaktari wake Toronto na haki ya kutibiwa, na Uingereza wasingemkubali kirahisi mzazi mgonjwa wa mtu mwingine. Kumrudisha Morogoro katika hali ile kulikuwa kumwua. Tuliizungusha habari ile majuma kadhaa, mbele na nyuma, mpaka siku moja mama mwenyewe, tukimlisha mtori, akamshika mke wangu mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Nenda," alisema. Ilimchukua muda kulitoa neno. "Nenda, mwanangu. Usi... usikae kwa ajili yangu. Nitaona haya."

Mke wangu akaweka kijiko chini akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuoane.

Tulikubaliana mwaka mmoja. Uwanja wa ndege mtoto alikataa kumwachia koti, na mama yake akalivua akamwachia, akapita ukaguzi na sweta.

Mwaka ukawa miwili, kisha sikuhesabu tena. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, siku chache. Kila jioni, ambayo kwake ilikuwa tayari usiku, tulizungumza kwenye kompyuta. Mwanzoni tulizungumza kila kitu. Baadaye tulizungumza shule ya mtoto na dawa za mama. Kisha nikagundua jambo. Nikimwuliza habari zake, alisema "nzuri," uso umechoka. Nikimwuliza habari za betri, aliwaka.

Basi nikajifunza kuuliza habari za betri. Nilijua kwamba shida kubwa ya gari la spoti la umeme ni uzito, kwamba betri ni mzigo mzito mno na gari la namna ile uhai wake wote uko katika wepesi. Nilijua kwamba alikuwa anapunguza uzito kila mahali, kwenye bolti, kwenye gundi, kwenye rangi, ili betri ipate nafasi yake. Nilijua kwamba betri zikipata moto sana zinadhoofika, na zikiwa baridi sana zinasinzia, na kwamba wenzake pale walimcheka kwa kuwaambia habari za baridi ya Toronto mpaka gari lao lilipogoma kwenye majaribio ya theluji, ndipo wakaja kumwuliza. Aliposimulia hilo alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa nimekaa na sahani ya mama mapajani, namsikiliza mke wangu akiwa na furaha, na nilijua kwamba mimi simo ndani ya furaha ile. Nilikuwa nimesimama nje yake, nauliza maswali.

Mama alifariki majira ya kupukutika kwa majani, asubuhi, amelala. Mke wangu alifika siku iliyofuata. Yeye na wanawake wa msikiti ndio waliomwosha, na aliporudi kutoka kule mikono yake ilikuwa bado inanukia karafuu maiti. Alikaa nasi hadi khitma ilipokwisha. Alipika, alipokea wageni, alilala kitandani kwetu na mguu wake juu ya wangu kama zamani. Siku aliyokuwa anarudi nilimwambia, "Sasa tunaweza kuja. Mimi na mtoto. Meno yapo kila mahali."

Aliendelea kukunja nguo. "Tutazungumza," alisema.

Tulikwenda kiangazi kilichofuata, shule zilipofungwa. Ulikuwa mji mdogo katikati ya Uingereza, nyumba za matofali mekundu, na yake ilikuwa na bustani ndogo nyuma na kiti kimoja. Nilikitazama kile kiti. Mtoto, ambaye sasa alikuwa amefika mabegani kwa mama yake, alizunguka nyumba nzima akifungua makabati kwa furaha, akachagua chumba.

Siku ya tatu au ya nne mke wangu alinipeleka kwenye uwanja wa majaribio wa kampuni. Alinipa kofia ya chuma akanifunga mkanda mwenyewe. Gari lilikuwa bado halina rangi, waya zimebandikwa kwa utepe wa gundi, lakini nililitambua umbo lake. Lilikuwa lile lile la mzee.

Alibonyeza kitu na sikusikia chochote. Kisha tukaondoka.

Sijawahi kwenda kwa kasi ile maishani mwangu, wala sitakwenda tena. Na katika kasi yote ile niliyasikia matairi, na upepo, na kijiwe kilichorukia chini ya sakafu, na pumzi yake mwenyewe ikitoka puani kila alipokata kona. Alikuwa anatabasamu peke yake. Nilimwona yule msichana aliyefumba macho kando ya barabara, na nikajua kwamba alikuwa amefika alikokuwa anakwenda siku ile, na kwamba safari ilikuwa yake.

Akapunguza mwendo, akasimama mwisho wa uwanja, kwenye majani.

"Umelionaje?"

"Sijui niseme nini," nilisema. "Limenitoa machozi."

Akavua kofia. Alikaa akiishika mapajani kama mzee alivyoishika yake kwenye kochi letu. "Mwenzangu," alisema, "sitaki mhamie hapa kwa ajili yangu."

"Ni kwa ajili yetu."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo sitaki." Alikuwa ananitazama usoni, hakukwepa. "Nimekuwa mtu wa kukaa peke yangu. Sikutaka iwe hivyo, imekuwa. Ukija utakuwa unaniuliza habari za kazi kila siku kama unavyoniuliza kwenye kompyuta, kwa upole wako huo, nami nitakuwa nakujibu. Nitakuwa nakuonea."

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Ingekuwa rahisi kama angekuwepo."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningekubali kuonewa. Nilitaka kumwambia kwamba kumwuliza habari za betri ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitazamia mchana kutwa. Nikasema tu, "Sawa." Kisha kwa muda mrefu hatukusema kitu, na kwenye gari lile hapakuwa na chochote cha kuuficha ukimya wetu.

Jioni tulimwambia mtoto. Aliuliza maswali machache, kwa Kiingereza, ya mtu mzima kuliko umri wake. Siku mbili baadaye alikuja bustanini nilikokuwa nimeketi, akasimama nyuma yangu, akasema angependa kubaki na mama yake. Alisema mama amekaa bila yeye miaka mingi. Alisema kwamba alitumaini sitaona kwamba ananipenda kidogo.

Nikamwambia sitaona hivyo. Nikamwambia ni uamuzi mzuri. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilirudi Toronto peke yangu. Katika nyumba ile ya Crescent Town kulikuwa na vyumba vya watu wawili ambao hawakuwemo na kiti cha magurudumu ambacho hakuna aliyekihitaji. Kwa wiki kadhaa nilijikuta napika wali wa watu wanne kama zamani, nikila wa jana na wa juzi. Kazini walinirudishia siku nzima, na nikafanya kazi sana, na meno niliyoyatengeneza mwaka ule yalikuwa mazuri kuliko yote. Sijui kwa nini.

Talaka ilikuja baadaye, bila ugomvi. Mke wangu alimwomba sheikh wetu azungumze nami kwanza, ili nisishtuke, na huo ulikuwa ubinadamu wake. Lakini neno lenyewe ilibidi nilitamke mimi. Niliketi ofisini kwa sheikh, simu mezani, yeye upande wa pili wa bahari ananisikiliza, na nikalitamka. Nikamsikia anavuta pumzi. "Ahsante," alisema. "Allah akulipe kwa yote." Sheikh akanimiminia chai ambayo sikuinywa.

Mzee alikuwa akinitembelea mara moja moja, Jumapili mchana, na mkebe wa biskuti za nankhatai. Aliniuliza mara moja tu kuhusu gari. Nilimwambia ukweli, kwamba ni zuri, kwamba umbo ni lake, kwamba asingelichukia. Alitafuna polepole. "Basi vizuri," alisema. "Mimi nililia kwa sababu ya injini. Wewe una sababu hasa." Akanipigapiga goti, tukabadilisha mazungumzo.

Nilihamia chumba kimoja Agincourt, karibu na kazi. Binti yangu anakuja kila kiangazi, na kila mwaka nampokea mtu mpya kidogo.

Karibu na mwisho wa miaka ya elfu mbili na kumi, nikiwa kituoni nasubiri basi baada ya kazi, simu ililia. Alikuwa mama yake. Hatukuwa tumezungumza kwa miezi, zaidi ya mambo ya mtoto.

"Limepita," alisema. "Kila kipimo, nchi zote. Wametutangazia sasa hivi. Wenzangu wako chini wanapiga kelele, mimi nimepanda ngazi nikaja huku juu."

"Hongera," nilisema. "Hongera sana."

"Nilitaka wewe ujue kwanza."

Nikamwuliza uzito umefika wapi. Akaniambia, nikashangaa kwa dhati, maana nilizijua zile gramu, nilikuwa nimezisikia moja moja kwa miaka. Akacheka kile kicheko cha kushika mbavu. Akaniambia kuhusu bolti fulani ya mwisho aliyoiondoa wiki ile. Nikauliza, akajibu. Kisha wenzake wakamwita, na akasema lazima ashuke.

Basi langu lilikuwa limeshafika, mlango wazi, dereva akinitazama. Nilimpungia mkono aende. Niliketi kwenye benchi na simu mkononi, likapita lingine, nikaliacha nalo likaenda.